Maziwa Yasiyo na Mwenyewe

Asifiwe Bwana aliyekiumba kichwa changu na vyote vilivyomo! Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Tabitha, muuza maharage wa pale sokoni Tunduma, mke wa Yona fundi pikipiki. Mnajua pia kwamba miaka yote ile, mtoto akilia humu kanisani, mimi nilikuwa natoka nje. Mkasema Tabitha ana kinyongo na watoto wa wenzake. Leo niacheni niwaambie nilikuwa nakimbia nini.

Nilikuwa natokwa na maziwa!

Sijazaa, sijawahi kushika mimba, hata siku zangu za mwezi zilikatika, lakini maziwa yanatoka. Nilikunja vipande vya kanga nikaviweka ndani ya blauzi. Kichwa nacho kiliuma, huku nyuma ya macho. Ndugu zangu, kutamani mtoto mnakujua. Lakini kumtamani huku maziwa yanakulowesha na hayana mwenyewe, jamani! Sokoni wenzangu wote wanaitwa mama fulani. Mimi hata mteja kutoka Nakonde akija ni Tabitha, Tabitha. Nililichoka jina langu mwenyewe.

Basi mama mkwe akaja kututembelea kutoka Isansa. Akaiona blauzi imelowa. Asubuhi yake akavuka mpaka. Alijua nina mama mdogo Nakonde, akajiambia nimezaa kwa siri nikamficha mtoto kule. Si mnatujua sisi wa mpakani? Kitu tukikikosa huku, tunasema kiko ng'ambo. Alibeba na shali ya njano ya kumbebea mjukuu. Kwa mama mdogo alichungulia kila chumba, akazunguka mpaka uani kwenye kamba ya nguo, anatafuta nepi!

Alirudi jioni, shali imekunjwa vilevile. Nikajiandaa kutukanwa. Lakini alikaa jikoni, akalia.

"Binti yangu, hata kama si wa Yona, mimi nitambeba. Niambie tu yuko wapi."

"Hayupo, mama," nikamwambia. "Ni maziwa tu." Nikafungua vifungo, nikamwonyesha. Tulilia wote wawili, maana nilikuwa sijajua kwamba na yeye anamtamani kiasi kile.

Nilikuwa nimeombewa mara nyingi, na wapo walionitisha kwamba namnyonyesha mtoto wa kuzimu. Mama mkwe akasema, "Mungu tumeshamwomba. Sasa twende wakakupime." Tukaenda hospitali Mbeya. Wakachukua damu, wakapiga picha ya kichwa.

Daktari akatueleza taratibu. Chini ya ubongo, huku nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama njegere. Ubongo unaisimamia, nayo inamwaga homoni kwenye damu kuuamuru mwili: mtoto akue, mwanamke apate siku zake, aliyejifungua atoe maziwa. Kwangu paliota kivimbe, wakasema si saratani, nacho kikawa kinatoa amri moja tu mchana na usiku: maziwa! Mwili ukisikia amri hiyo, uzazi unapumzika, kama wa mama anayenyonyesha.

"Mama," daktari akasema, "mwili wako unaamini una mtoto mchanga."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma! Mimi namngoja mtoto, na mwili wangu unaamini ameshafika. Ndiyo maana haukumpa nafasi ya kuja.

Nikapewa vidonge. Kichwa kikaacha kuuma, na maziwa yakapungua mpaka yakakauka. Mnadhani nilishangilia? Nililia! Msinicheke. Yale maziwa yalikuwa aibu yangu, lakini ndiyo kitu pekee cha umama nilichokuwa nacho. Siku zangu zilirudi, na kila mwezi zikija nilishukuru kwamba nimepona, halafu nikaenda kujificha nyuma ya magunia ya maharage, maana moyo ulikuwa unataka zisije. Nilimwomba Mungu hivyohivyo, shukrani na manung'uniko kwa pamoja, na hakunikemea.

Mwezi mmoja hazikuja. Nikaogopa kumwambia hata Yona. Nilidhani kile kivimbe kimerudi.

Kumbe sicho! Haleluya!

Dada yangu uliyekaa hapo unaficha jambo la mwili wako chini ya kanga, nakuomba, mtegemee Mungu, na hospitali uende. Aliyenihurumia ndiye aliyempa yule daktari akili ya kuona kitu kidogo vile. Usikubali kutishwa. Mwambie mtu mmoja anayekupenda, hata kama ni mama mkwe!

Nilikuwa na mengine ya kusema. Lakini mnamsikia anayelia pale nyuma, kwenye shali ya njano, mikononi mwa bibi yake? Mtaniwia radhi, ndugu zangu. Leo sitoki nje. Huyo ni wangu, na maziwa yake yameshuka.