Papa Désiré Kasonde na Firigisi ya Bonane

Marehemu Papa Désiré Kasonde alizaliwa Mitwaba tarehe 14 Mei 1952, mtoto wa pili wa mzee Ruben na mama Mwape, wakulima wa mihogo na karanga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakukubali kulishwa mpaka kwanza amwone mwenye kijiko akionja. Wengine waliona ni akili, wengine waliona ni ukorofi. Sisi tulioishi naye tunasema vilikuwa vyote viwili.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mitwaba, kisha mwaka 1966 akaletwa Lubumbashi kwa mjomba wake aliyekaa Kampemba, akamaliza sekondari mwaka 1972. Walimu walimpenda kwa hesabu na kumchoka kwa maswali. Mwalimu akisema mto fulani unaanzia mahali fulani, Désiré alitaka kujua ni nani aliyekwenda kuangalia.

Mwaka 1974 aliingia kazi ya reli, akawa kontrolere wa tiketi ndani ya treni, na hapo ndipo tabia yake ilipoanza kupata mshahara. Alimkagua padri akiwa na kanzu yake, alimkagua mkubwa wake wa kazi, na alimkagua mama yake mzazi mara mbili katika safari moja, kwa sababu mara ya kwanza aliitoa tiketi haraka mno. Alistaafu mwaka 2007. Reli ilimwacha, lakini yeye hakuacha kukagua.

Hata mke alimpata kwa kushuku. Mwaka 1979, kwenye treni ya Likasi, alimwona msichana aliyekuwa akitabasamu dirishani, akaamua kwamba mtu mwenye tiketi halali hana sababu ya kutabasamu hivyo. Akamshusha, akampeleka kwa mkuu wa stesheni. Tiketi ilikuwa safi kabisa. Msichana huyo ni Mama Hortense, mjane wetu aliyeketi hapa. Walifunga ndoa Likasi tarehe 12 Julai 1980, na Mungu akawajalia watoto wawili, Stéphane na Mapalo.

Nyumba yao ya Bel-Air ndiyo iliyotukusanya sote. Noeli tulikuja, Pasaka tulikuja, lakini Bonane, siku ya mwaka mpya, hakuna aliyethubutu kukosa. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, samaki wa kukaanga, munkoyo wa Mama Hortense, kile kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo, na kuku. Watu wazima walicheza karata, wazee walicheza kisolo, ule mchezo wetu wa mbegu na mashimo, na Papa Désiré akapita katikati yao mikono nyuma. Ghafla alipiga kelele, "Contrôle!" na kila mmoja alipaswa kukunja mikono ya shati. Watoto walificha karata soksini makusudi ili wakamatwe. Adhabu ilikuwa kuimba juu ya kiti. Jamani, tulicheka katika nyumba ile! Na yeye alikuwa na furaha, ingawa uso wake ulisema anatafuta mwizi.

Ninyi wa hapa mnajua kwamba firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Haigawanywi wala haionjwi jikoni. Mwanamke anayepika anaiweka juu kabisa kwenye sahani ya baba, na baba akiiona anajua kwamba anaheshimiwa. Bonane ya mwaka 2019 aliyepika kuku alikuwa Chancelvie, mke wa Stéphane, binti wa watu wa Kasai aliyekulia Ruashi. Papa Désiré alifunua sahani yake, akageuza mnofu mmoja mmoja kwa uma, akafunika tena. Karata zikasimama mikononi.

"Firigisi yangu iko wapi?"

"Papa, ile kuku haikukuwa na firigisi," Chancelvie akajibu. "Ilifika ku jikoni yenye kupasuliwa."

"Kuku ile niliileta mimi mwenyewe kutoka soko, juu sikutaka muntu anidanganye. Haikukuwa na firigisi? Basi ilikuwa inatafuna mahindi na meno?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Chancelvie hakucheka. Stéphane naye alicheka kidogo, kisha akaangalia chini, na hakusema neno la kumtetea mkewe.

Kuanzia siku ile Papa Désiré hakula tena chochote kilichopita mikononi mwa Chancelvie. Akimpa chai, aliinusa na kuiweka chini. Akiingia jikoni, alimfuata na kusimama mlangoni. Mashangazi nao hawakukaa kimya. Walinong'ona kwamba mwanamke anayekula firigisi anataka kumtawala mume, wakaanza kumchunguza Stéphane kama amekonda. Maneno yakafika mpaka Ruashi kwa wazazi wa Chancelvie. Siku moja mtoto wake mwenyewe alimwuliza, "Maman, ni kweli uliikula?" Tangu hapo Chancelvie hakukanyaga tena Bel-Air. Stéphane alikuja peke yake na watoto, na Bonane zetu zikapoa. Michezo ilichezwa, lakini kila mtu alimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho.

Mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2024, Papa Désiré alirudi soko lilelile, kwa mama yuleyule aliyempasulia kuku wa Bonane ile, siku mzee alipokuwa na haraka, kutafuta kuku. Mama yule akamwambia apumzike, yeye atamchinjia na kumpasulia. Mzee hakupumzika. Alizunguka nyuma ya meza, kama ilivyokuwa desturi yake, na huko akakuta beseni limejaa firigisi, zimepangwa mafungu mafungu.

"Mama, hizi zote unatoa wapi?"

"Ni ya bakuku ya bale beko na haraka, papa," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Hawaulizake."

Alimweleza Mama Hortense baadaye kwamba hapohapo alielewa. Yeye, aliyewashusha watu wazima kwenye treni, alikuwa ameibiwa mchana kweupe, akarudi nyumbani na kumfanya mwizi mtoto wa watu. Hakununua kuku. Alipanda gari moja kwa moja mpaka Ruashi, akamkuta Chancelvie akisonga bukari uani kwake, akajivutia kiti.

"Nimekuya kula," alisema.

Chancelvie alimwekea bukari na matembele, akakaa kando akimtazama, na safari hii mwenye mashaka alikuwa yeye. Mzee alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole. Kisha akamwambia yote, akaomba msamaha, akalia. Chancelvie alimjibu, "Papa, mimi nimesamehe. Lakini bantu balicheka bote."

Neno lile halikumwacha. Aliahidi kusema mbele ya wote siku ya Bonane. Lakini mwezi wa Septemba figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Alipoona Bonane iko mbali na mwili hautaki, alimwita Mama Hortense: "Utie mu programme. Siku ya kunizika bote batakuwa pale, hata bale batakuya kula tu." Na kwa kuwa alitushuku kwamba tutaruka sehemu hii kwa aibu, alimwagiza mdogo wake, Papa Guelor, aketi mbele na kufuata kila neno kwa kidole. Papa Guelor yuko pale. Mnamwona.

Basi tunasoma kama alivyosema: "Chancelvie hakukula firigisi. Nilidanganywa mimi ku soko, na nikamubebesha mutoto ya bantu makosa yangu. Bale tulicheka pamoja, tumuombe samahani pamoja."

Papa Désiré alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, alfajiri. Aliyemlisha uji wa mwisho ni Chancelvie, na mzee hakuunusa.

Ameacha mjane, Mama Hortense; mdogo wake, Papa Guelor; watoto wawili, Mapalo na Chancelvie; wajukuu watano; na mkwe mmoja, Stéphane. Hilo si kosa la mchapaji. Mama Hortense alipomwuliza kama hajachanganya majina, mzee alimtaka asome tena mstari ule, akausikiliza, akasema, "Njo vile. Achana nayo."

Mungu ampokee Papa Désiré wetu na ampe pumziko la amani.