Dakika Kumi na Saba za Kaka Yetu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa. Akiwa darasa la nne alimwambia mwalimu kwamba jibu la mwisho wa kitabu limekosewa. Alichapwa, na bado hakuliamini.

Mwaka 1974 alihitimu shahada ya hisabati, akaajiriwa uwanja wa ndege, idara ya abiria. Mwaka 1977 alimuoa wifi yetu, mshonaji, baada ya kumchunguza miaka miwili.

Jambo lililomnyima usingizi ni jinsi ya kuingiza abiria ndegeni haraka. Wakubwa waliwaita wa viti vya nyuma kwanza. Kaka alikokotoa, akaona hao husongamana mahali pamoja, mmoja akipandisha begi na wenzake wakimsubiri. Akataka waitwe wa dirishani kwanza, safu moja ikirukwa, ili kila mtu apate nafasi ya kuinua mzigo wake. Alitupanga sebuleni na masanduku yetu, shangazi mpaka watoto, tukafanya mazoezi.

Tarehe 4 Juni 1989 alipewa asubuhi moja ya majaribio. Aliyeshika saa ni msimamizi wa zamu, tuliyemwita Bwana Filimbi. Kaka hakumwamini hata kidogo. Akampandisha mkewe kwa siri kama abiria, amemvisha saa yake mwenyewe. Msimamizi aliandika dakika thelathini na moja. Wifi alisema kumi na saba.

"Wamenichezea," alisema kaka. "Yule ana lake jambo."

Aliacha kazi, akafundisha sekondari hadi alipostaafu. Hakumpa Bwana Filimbi mkono tena, hata kwenye misiba. Nasi tulimshuku pamoja naye, tukamsengenya kila alipopita.

Mwaka jana kaka aliugua figo. Alimshuku daktari mpaka mwisho, akafariki tarehe 12 mwezi huu.

Wifi ameomba haya yasomwe. Siku ile ya majaribio hakuangalia saa. Bibi mmoja alikataa kuachana na mjukuu wake aliyeitwa kwanza, akina mama wengine nao wakagoma, foleni ikakwama, wifi akabaki kumbembeleza mtoto. Alipoulizwa nyumbani, alimwona mumewe anavyomtazama, akataja namba iliyomjia.

"Nilijua ukweli utamuumiza," anasema. "Sikujua atamchukia mtu maisha yake yote."

Kaka ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano. Bwana Filimbi yupo, amesimama nyuma kabisa, na hakuna aliyempa kiti. Kaka Filimbi, uliandika kweli. Tusamehe. Njoo huku mbele, ushike jeneza pamoja nasi, tumlaze mwenzako salama.