Fimbo ya Simioni Waitara na Uzio wa Mama Mkwe

Ndugu, wakwe zetu na majirani mliofika kumsindikiza, poleni kwa safari na poleni kwa msiba.

Marehemu Simioni Waitara alizaliwa Nkende, Tarime, mwaka 1911. Mwaka 1923 aliingia shule ya misheni, akabatizwa na kusoma hadi darasa la nne. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwenye mbio wenzake walizoea kumwona kisogo tu.

Mwaka 1934 alikwenda upande wa Mugumu kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu. Kwa miaka kumi na tano alitoboa mwamba chini ya ardhi. Jioni alitoka mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, na wenzake walimtania kwamba amezeeka kabla ya kuoa. Tarehe 8 Agosti 1936 alifunga ndoa kanisani na Philomena, binti wa kijiji jirani cha Nyamisangura, wakajaliwa watoto wanne.

Vumbi lile halikumtoka kifuani. Mwaka 1949 alirudi nyumbani akikohoa, na kufikia 1953 hakuweza kuvuka uwanja wake bila kushika ukuta. Ndipo tabibu wa zahanati, Bwana Benedicto, akamwambia, "Mzee Simioni, mapafu haya hayatapona. Lakini ukikaa tu, miguu nayo itakufa. Tembea kila siku, polepole. Ukihema, simama, halafu endelea."

Sasa atembee wapi? Mlima ulikuwa umemshinda. Njia pekee ya tambarare ilipita mbele ya mlango wa mama mkwe wake, Mama Matiko, na kwa desturi yetu mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Simioni aliona heri abaki kwenye kigoda kuliko kumvunjia heshima. Habari zilipomfikia mama yule, aliwaita wanawe wakasimamisha uzio wa mabua kati ya uwanja wake na njia. Kisha akamtuma Philomena: "Mwambie mkwe wangu apite. Mimi niko nyuma ya uzio, simwoni."

Tangu hapo alipita kila asubuhi akiegemea fimbo yake. Mwanzoni alisimama mara tano kabla ya kuufikia uzio, baadaye mara moja tu, na Krismasi ya 1954 alifika kanisani kwa miguu yake. Mama Matiko hupikia nje. Kila aliposikia fimbo inagonga, aliufunika moto kwa majivu ili moshi usimkabe mkwewe. Hawakuwahi kusemezana hata neno moja, lakini kila mmoja alijua mwenzake yupo.

Masika ya 1957 Simioni aliishiwa pumzi njiani, akaanguka. Mdogo wake Nikodemo, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, aliificha ile fimbo. "Kaka, pumzika. Umetembea vya kutosha," alimwambia. Sote nyumbani tuliona huko ndiko kumtunza. Marehemu aliiomba fimbo yake siku nyingi, kisha akaacha kuomba. Iliporudishwa mwezi wa nane, miguu ilikuwa imekwisha, na uzio hakuufikia tena. Majuto ni mjukuu. Nikodemo anamwomba kaka yake msamaha mbele yenu nyote, na inamuuma kwamba amechelewa.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 18 Machi 1958, mkono wake ukiwa mkononi mwa Philomena.

Ameacha mjane, watoto wanne, Esta, Joram, Agustina na Marwa, wajukuu wawili, mdogo wake Nikodemo, na mama mkwe wake, ambaye kwa heshima ya ukwe amebaki nyumbani kwake. Jana asubuhi Esta alipita huko, akakuta moto umefunikwa majivu na uji haujaiva.

"Shikamoo bibi. Mbona umefunika moto?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Naufunika kila siku saa hii, tangu masika yale alipoacha kupita. Ningejuaje ni siku gani atapita tena?"

Apumzike kwa amani kaka yetu, na huko aendako asihangaikie pumzi tena.