Mama Eufrasia na Kiboko Mwenye Kofia

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni, gari la matangazo lilipopita Ujiji likisema kwamba kesho yake umeme utakatwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi. Kwenye benchi la nje ya kibanda cha Hamdani, fundi redio, hakuna aliyeshtuka isipokuwa Winfrida. Mwezi ulikuwa mpevu. Siku kama hizo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, maana taa zao hazina kazi penye mwanga wa mwezi, kwa hiyo benchi lilikuwa limejaa. Alikuwapo Thobias, mvuvi, anayeitwa Mbalamwezi kwa sababu mwezi ukifa naye haonekani kijiweni. Alikuwapo Gahungu, fundi baiskeli ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Yeye huitwa Tume, kwa kuwa kila jambo kwake lina uchunguzi. Mwinshehe alikuwa akimimina kahawa ya Kalinzi. Katikati yao, juu ya gazeti, kilikaa kimashine cha gemu cha mkononi, kimechomekwa kwenye waya uliopita dirishani.

Winfrida alikuwa amemaliza chuo mwaka juzi, naye ni mtu wa kufunga kufuli, kwenda, kisha kurudi kuhakikisha kama amefunga. Aliuliza wenzake kama wamesikia vizuri. Walisikia. Akauliza tena.

Gemu yenyewe ilikuwa ya katuni, ile ya kiboko mwenye kofia nyeupe ya unahodha inayoonyeshwa runingani Jumamosi. Humo mchezaji ndiye anayemchora mhusika wake kwa kalamu ndogo, kisha mchoro huinuka, hutembea na kuruka mashimo. Penye kuhitaji ngazi, unachora ngazi, ila wino wake una kipimo. Winfrida alimpelekea mama yake, Mama Eufrasia, hospitalini apoteze mawazo, na mama, aliyeuza samaki aina ya migebuka ufukweni Kibirizi tangu usichana, akajichora mwenyewe: beseni kichwani, khanga ya rangi ya chungwa, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Mchoro ukainuka ukachechemea vilevile alivyochechemea yeye. Mama akacheka hadi muuguzi akaja kutazama. Akaufikisha ukingoni mwa maji, ukaanguka humo mara mbili, naye akafunika kimashine akasema ataendelea kesho. Hakuendelea.

Gemu hiyo huhifadhi mchoro ukishafika ng'ambo tu. Ukizimwa kabla, umepotea. Ukianguka mara ya tatu, umepotea pia. Muda wote tangu afariki kimashine kilikuwa kimelala bila kuzimwa kwenye chaji kwa Hamdani, lakini wiki hii betri ilivimba, Hamdani akaitoa, na sasa kiliishi kwa waya peke yake. Hata ukileta jenereta, lazima kwanza uchomoe.

— Si upige picha tu, alisema Mwinshehe.

— Nimepiga, Winfrida alisema. Picha haitembei.

Basi ikakubalika kwamba Mama Eufrasia lazima avuke leo.

Winfrida aliwafasiria maneno yaliyokuwa juu ya skrini: chora utakachohitaji, rafiki yako anakungoja majini. Kiboko alikuwa palepale katikati ya maji, kofia yake nyeupe upande, akitabasamu. Hakuna aliyemtaja. Thobias alivuta benchi, akamwambia Winfrida achore kipe, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na taa nne, maana usiku wa gemu haujulikani mwezi wake. Winfrida akachora. Wino ukaisha kwenye mtumbwi wa kwanza. Akafuta kabla hajabonyeza kukubali.

Hamdani akataka daraja la nyaya. Wino ukaisha robo ya maji, nalo likafutwa. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Thobias akamuuliza koleo lililovunjika ni lipi, maana hapa kinachovunjika ni mguu wa mtu. Hamdani akasema methali huwa haziulizwi maswali.

Kisha wakaingia kwenye suala la huyo rafiki. Hamdani alidai ni setilaiti, kwamba hivi vimashine vyote vina mtu wake juu anayevitazama. Mwinshehe alisema ni samaki mkubwa, kwani katuni hazina adabu, samaki huongea. Gahungu aliinama akatazama skrini kwa muda mrefu, kisha akatoa matokeo ya uchunguzi: marehemu mwenyewe hataki kuvuka, na ndiyo maana betri imevimba.

— Betri imevimba kwa joto, Tume, alisema Winfrida.

— Na joto limetoka wapi? Jiulize.

Winfrida alijiuliza kweli, na hilo lilimwudhi. Aligeuza kimashine taratibu ili waya usitikisike. Nyuma palikuwa na kibandiko kilichochakaa: kiboko yuleyule, kofia ileile kichwani, watoto watatu wamepanda mgongoni wake.

Akakigeuza haraka, lakini Gahungu alikuwa ameshaona.

— Ego, ndiyo, alisema kwa sauti ya chini. Wanangu humtazama Jumamosi. Kazi yake ni kuwabeba wenzake. Huyo ndiye rafiki. Hauhitajiki mtumbwi.

Thobias aliweka kikombe chini. Kila aliyekuwa pale aliujua mguu wa Mama Eufrasia. Wakati Winfrida bado akibebwa mgongoni, mtumbwi uliopinduliwa na kiboko mlangoni mwa mto Luiche ulikuwa na mama huyo ndani, na Thobias ndiye aliyemvuta kwa nywele hadi mchangani, mguu tayari umevunjika.

— Sikiliza, mwanangu. Kiboko akikuambia njoo, wewe unakwenda upande wa pili. Hiyo si katuni, hiyo ni elimu. Mama yako aliijua.

— Ndiyo maana alianguka mara mbili, Winfrida alisema.

Aliliona wazi sasa: mama yake akiwa kitandani, ulimi nje kwa umakini, akimrusha yule mwanamke mdogo mbali na kiboko kadiri anavyoweza, mara ya kwanza kulia kwake, mara ya pili kushoto.

Hamdani alisema mgeni njoo mwenyeji apone, kwa hiyo kiboko apewe nafasi. Thobias akamjibu kwamba mwenyeji huko majini ni kiboko, na anayepona ni yeye. Mwinshehe akaona huyu ni kiboko wa Wazungu, hajaumiza mtu wa Luiche. Gahungu akashauri achorwe mkuki kwanza. Sauti zikapanda. Thobias akasema Mama Eufrasia akifutika, afutike akiwa na akili zake, kuliko kupandishwa juu ya adui yake na mwanawe wa kumzaa. Hamdani akasema kufutika ni kufutika. Winfrida alikuwa akimtazama kila anayesema, na kwake kila mmoja alikuwa na haki.

Wakati huo alifika mwanamke mwenye redio kifuani, amefika kwa boti kutoka Kagunga. Jina lake Astérie. Aliwasalimu wazee shikamoo, akaomba Hamdani amtazamie redio, imekuwa bubu tangu mvua. Kwa kuwa walikuwa wakigombana akangoja, na katika kungoja akaelezwa habari yote, kila mtu akimsahihisha mwenzake. Akaonyeshwa mama mwenye beseni. Akaonyeshwa kiboko. Akamtazama yule mwanamke wa khanga ya chungwa kama mtu anayetazama mgonjwa.

— Na yeye mwenyewe, aliuliza, angekubali?

 Hamdani akachukua redio, akaigeuza, akaanza kutafuta parafujo ambazo hazikuwa zimepotea. Gahungu, ambaye hakuwahi kukosa matokeo, alimtazama Winfrida, na Winfrida akatazama chini. Mwinshehe aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka machicha. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana vizuri.

Asubuhi yake, saa mbili haijafika, Hamdani alimkuta Winfrida mlangoni kabla hajatoa funguo. Alimsogezea kigoda karibu na waya akaenda kufagia nje. Winfrida alishika kalamu. Hakuchora mtumbwi wala mkuki. Alichora khanga, pana, yenye pindo pande zote, akiijaza wino polepole hadi tone la mwisho, na akaitandaza juu ya kiboko kuanzia mkiani hadi machoni, mpaka kikabaki kitu kama kilima kidogo cha nguo na kofia nyeupe juu yake. Akabonyeza kukubali.

— Mama, ni kwenye khanga tu, alisema.

Kisha akamsogeza. Mama yake akachechemea hadi ukingoni, akasimama kwa kuwa kidole cha Winfrida kilisimama, akapanda. Kilima kikaondoka na mtu wake, beseni likiyumba bila kuanguka. Ng'ambo bendera ndogo ikainuka. Winfrida akamtembeza kidogo mchangani, huko na huku, ili yeye auone ule mguu ukichechemea, na umeme ukiwa bado upo akakizima kimashine kwa mkono wake mwenyewe.