Fundi Vehbi na Chumba Kisicho na Mbwa

Miaka thelathini na mmoja aliyotutumikia Fundi Vehbi Tunalı inafika mwisho Ijumaa hii, tarehe 14 Machi, atakapokabidhi funguo za Makazi ya Wanyama ya Manispaa ya Karataşlı. Kutakuwa na hotuba na zawadi ya saa ya ukutani. Kwenye hotuba atasinzia, tunamjua. Saa nayo tunamwomba sana asiifungue hapo hapo ukumbini ili aone kama imekazwa vizuri ndani.

Alitujia akitokea kwenye kazi ya kuezeka shule za vijijini, na jengo letu alilikuta linatia huruma. Zamani lilikuwa zizi la nyumbu wa jeshi: kuta nene, madirisha ya juu, na sakafu iliyoinama kuelekea upande usio na mfereji. Kila theluji ilipoyeyuka, maji yaliingia chini ya milango na mbwa wakakesha wamesimama. Manispaa ilikuwa na pesa ya rangi tu. "Huko ni kumpaka poda mgonjwa wa homa," Fundi Vehbi alimwambia mkubwa wake wa kwanza, naye akajibiwa kwamba kama anajua sana, basi apange yeye.

Akapanga. Chumba kimoja kibaki bila mbwa na kikarabatiwe. Kikiwa tayari, mbwa wa chumba cha pili wahamie humo, na chumba chao ndicho kibaki kitupu na kubomolewa lipu. Kisha cha tatu, na kuendelea. Hivyo chumba kitupu kikawa kinatembea polepole kwenye ile korido ndefu, mlango hadi mlango, kadiri fedha zilivyopatikana. Zisipopatikana, kilisubiri pale kilipofika, wakati mwingine mwaka mzima.

Ni katika kusubiri huko ndipo tulipoanza kuona mambo. Mbwa wa vyumba vya jirani walikuwa wakilala wameegemea ukuta wa chumba kitupu, wote, hata wakati wa joto. Bakuli la maji lililosahauliwa humo lilikutwa limepungua. Majani makavu yalikuwa na kishimo cha duara, kama anachoacha mbwa akijikunja, na ukiweka kiganja unakuta vuguvugu. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mkanda wa Fundi Vehbi. Zamu ya chumba kingine kubaki kitupu ilipofika, yule naye alihamia huko.

Tulisema "yule" tu. Kuna mwaka tulitaka kumpa jina, Fundi Vehbi akakataa katakata. "Ukimpa jina utataka kumwita," alisema, "na akiitika utafanya nini?"

Msidhani tuliishi kwa hofu, mtu huzoea. Daktari Sevgi, mganga wetu wa mifugo aliyesomea Ankara, alitucheka mwezi wa kwanza wote. Asubuhi moja alikuwa peke yake koridoni akijaza sindano, akahisi kitu kimemwegemea kwenye shavu la mguu, vile mbwa afanyavyo akitaka kukunwa. Alimaliza kujaza sindano. Kisha akaja jikoni akaomba chai yenye vipande vitatu vya sukari, na sote tunajua hanywi sukari. Fundi Vehbi kwa upande wake alishika adabu tu. Hakuingiza toroli la saruji kwenye chumba kitupu kabla ya kupiga hodi na kungoja kidogo.

Sasa tuje kwenye majira ya baridi yaliyopita, maana ndiyo yaliyotutoa jasho. Mkoa ulituandikia kwamba jengo lote liwe limekarabatiwa kabla ya wakaguzi kufika mwishoni mwa Februari, la sivyo lifungwe na mbwa wapelekwe kwenye ile yadi kubwa iliyo nyuma ya jalala. Mbwa wanaopelekwa kule hatujawahi kumwona hata mmoja akirudi. Kazi ilikuwa imebaki vyumba vitatu.

Halafu theluji ikaanguka mapema, mbwa wakaletwa kwa wingi, na naibu meya wetu, bibi tunayemwita kwa heshima Nilüfer Hanım, akaagiza chumba kitupu kijazwe. Fundi Vehbi alimwendea ofisini kueleza kwamba bila nafasi ya kuhamishia, ukarabati unasimama, na ukisimama tumekwisha. "Vehbi Bey," akamjibu, "nina mbwa wanalala kwenye theluji, wewe unanitunzia hewa?" Tuseme kweli, alikuwa na haki ya kuuliza.

Tukamwingiza Duman, dume la Kangal, mbwa wa kulinda kondoo, lenye ukubwa wa ndama, lisilomwogopa mtu wala lori. Duman alifika katikati ya chumba, akasimama, akarudi nyuma taratibu kama mgeni aliyekuta kitanda kina mtu. Akajibana ukutani na kulala hapo amejikunyata, chumba chote kilichobaki akakiacha. Siku iliyofuata ilikuwa vilevile, na chakula chake alikula nusu tu, nusu akaisukuma mbele kwa pua.

Nilüfer Hanım alikuja mwenyewe mchana kuona huo upuuzi. Aliingia na viatu vyake vya ngozi, akamtazama Duman, akainama na kugusa majani yale ambayo Duman hakuyalalia. "Nani ametoka hapa sasa hivi?" aliuliza. Fundi Vehbi akamwambia hajatoka mtu. Nilüfer Hanım alijipangusa mkono kwenye koti, akasema tumalizie ukarabati, mbwa wa ziada atawatafutia ghala, akaondoka bila kunywa chai. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuondoka kwetu bila chai.

Vyumba viwili vilikwenda vizuri. Cha mwisho ndicho kilichotuponza. Tulimwaga zege la sakafu zikiwa zimebaki siku chache, na baridi ikashuka vibaya. Zege likiganda kwa barafu kabla ya kukauka huwa unga, na wakaguzi hupiga sakafu kwa nyundo. Taa za joto tuliziwasha, umeme wa jengo ukakatika. Ilipofika jioni tulikuwa tumekata tamaa, na Daktari Sevgi alianza kuwapiga picha mbwa mmoja mmoja ili tubaki na kumbukumbu. Huku analia, wala hafichi.

Fundi Vehbi akaenda kusimama mlangoni pa chumba kile. Hakujua kwamba tunamsikia. "Sikia, ndugu yangu," alisema, "mimi sijawahi kukuomba kitu. Wenzako wote wamo humu. Leo nakuomba." Akaacha mlango wazi kidogo akaenda nyumbani.

Asubuhi mifereji ilikuwa barafu tupu na ndoo zimepasuka, lakini sakafu ya chumba kile ilikuwa imekauka. Ilikauka kuanzia katikati, duara la rangi nyepesi lililotanuka kuelekea kwenye kuta, na unyevu ulibaki pembeni tu. Ukivua glavu unahisi joto. Wakaguzi walikuja, wakapiga nyundo, sakafu ikalia kama jiwe. Tukapita. Hakuna mbwa hata mmoja aliyekwenda yadi.

Jumatatu tulihamishia mbwa wa ghalani chumba hicho cha mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kila chumba kikawa na wenyewe. Tulipiga makofi. Kisha tukaona vichwa. Mbwa wa chumba cha kwanza waligeuka kutazama koridoni, wakafuata wa pili, wa tatu, hadi mwisho, halafu wakaanza kugeuka kurudi. Siku nzima ilikuwa hivyo, kwenda na kurudi, bila hata mbwa mmoja kubweka. Tulimnyang'anya kitanda aliyetuokoa, na katika mipango yetu yote hatukuwa tumemfikiria. Tuliona haya.

Fundi Vehbi alitazama hadi kazi ilipokwisha. Tukamsikia akimpigia simu mkewe, Müzeyyen Hanım, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuruhusu hata paka avuke kizingiti chake. Alimweleza kila kitu, polepole. Kisha tukasikia sauti yake, maana Müzeyyen Hanım huongea na simu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto: "Huwa anamwaga manyoya?" Fundi Vehbi akasema hajawahi kuona. "Basi mlete. Natandika mkeka karibu na jiko."

Fundi Vehbi akafungua lango kubwa, akaweka mikono mfukoni, akangoja kwa subira, kama unavyomngojea mzee ainuke. Kisha akatoka nje, kwa mwendo wa taratibu kuliko wake wa kawaida. Vichwa vikageuka kwa zamu, chumba baada ya chumba, hadi langoni, na Duman akasimama. Tangu hapo korido ni korido tu. Tumemaliza ukarabati wote, na tunajisikia wapweke kuliko tulivyotarajia.

Asante, Fundi Vehbi, kwa kila bawaba, kila bati na kila mbwa aliyelala pakavu. Müzeyyen Hanım anasema majirani wanamuuliza kwa nini mbwa wa mtaa siku hizi wanakuja kulala wameegemea ukuta wa nyumba yenu. Tunawatakia nyote watatu maisha mema.