Don Gildo na Saa Iliyotangulia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Don Hermenegildo Ocampos, Don Gildo wetu, anastaafu kutoka kitengo cha kompyuta cha Hospitali ya San Baltazar, Villarrica. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida letu nimuage. Nimeuanza mara nne, na kila mara macho yananipeleka kwenye kiti chake. Nimeanza kumkumbuka kabla hajaondoka.

Aliajiriwa mwaka 1995 kutengeneza mashine za kuchapa. Kompyuta zilipokuja, alijifunza kwa kuzifungua, na anakiri kwamba kila mara alibakiwa na skrubu moja mkononi. Ndiye aliyeunganisha maabara yetu na zahanati za vijijini, hata majibu ya vipimo yakawa yanafika kwenye simu za wauguzi badala ya kungoja basi la Ijumaa.

Ndiye pia aliyetumiminia tereré, chai yetu baridi ya majani, kila siku saa tatu asubuhi: pembe moja ya kunywea kwa zamu, mrija mmoja, maji ya barafu. Kuna mhandisi mgeni aliyetoka ng'ambo akasema asante baada ya funda la kwanza. Kwetu anayeshukuru ametosheka, basi Don Gildo akamruka asubuhi nzima. Maskini alikaa akimeza mate mpaka mtu akamwonea huruma.

Jumatatu moja ya Machi mwaka jana, barua pepe ziligoma. Kwenye tovuti kila mtu aliambiwa ruhusa yake ya kuingia imeisha muda, na simu zote zikaacha kuvuta barua. Wauguzi vijijini walikuwa wakisubiri majibu ya damu. Daktari Fretes, mkurugenzi wetu, alikuwa amebadilisha neno lake la siri mara tatu, na la tatu alikuwa ameshalisahau.

Don Gildo hakukimbia. Aliagiza kwanza majibu yasomwe kwa simu ya mezani, zahanati moja baada ya nyingine. Kisha akaona kuwa kompyuta za ofisini, zinazotumia njia ya zamani ya neno la siri tu, bila ruhusa yenye muda, zilikuwa zinapokea kama kawaida. Kwa hiyo barua zilikuwa zinaingia. Kilichokataa ni mlango. Akajitumia barua, akaisoma, akatazama ukutani. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu. Barua ilisema saa tatu na nusu.

"Jamani," akasema, "seva yetu imeshakunywa tereré bila sisi."

Nchi ilikuwa imeacha desturi ya kurudisha saa zote nyuma kwa saa moja kila Machi, majira ya joto yanapokwisha, lakini seva haikuambiwa, ikajirudisha yenyewe. Asubuhi ile mtu akaiona imechelewa, akaisogeza mbele kwa mkono badala ya kuifundisha saa mpya ya nchi. Kwa hesabu zake za ndani, seva ikawa imetangulia saa nzima, na kila ruhusa iliyoletwa na tovuti au simu ikaonekana imekwisha zamani. Don Gildo alirekebisha kwa dakika kumi.

"Nani aligusa saa?" Daktari Fretes aliuliza. "Nataka jina."

"Nchi nzima imegusa saa, Daktari. Sisi tumechelewa tu kumwambia huyu," akajibu, akiipigapiga seva mgongoni. Ripoti akaiandika na kuisaini yeye.

Mkono ule ulikuwa wangu. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili za majaribio ya kazi, na nyumbani nilikuwa mimi tu wa kutegemewa. Alijua, kwa sababu seva huandika jina la kila anayeigusa. Saa tatu ilipofika alinimiminia mimi wa kwanza. "Kunywa, Zunilda, barafu inayeyuka," akasema, basi. Hajalitaja jambo hilo mpaka leo. Daktari, wewe husoma jarida hili kabla halijachapwa. Sasa jina unalo.

Don Gildo, tunakutakia afya, usingizi mrefu, na maisha mema pamoja na mkeo, Ña Eulalia, na kuku wake. Wafanyakazi wenzangu wote wanakushukuru, na utaratibu unanitaka nami niseme asante. Sisemi. Jumatatu saa tatu nitaiweka pembe mezani, mbele ya kiti chako. Pita unimiminie. Mimi bado nina kiu.