Dakika Sita za Mzee Tangawizi

Nyuma ya stendi ya Same, pale barabara ya milimani inapoachana na lami, kuna benchi ambalo upepo umelisugua mpaka linang'aa. Wenye benchi ni wanne. Omari ana birika la kahawa, kwa hiyo hawezi kufukuzwa. Joel anaitwa Injinia kwa kuwa anafungua simu zilizoingia maji, na nyingine huwa anazifunga tena. Aminieli ni Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Loth ni Dalali, wa mnada wa ng'ombe. Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, walimwona Mzee Naftali akija mbio, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala. Walimbatiza Tangawizi kwa sababu alilima tangawizi kwao Mhezi miaka thelathini kabla ya kuteremka mjini.

— Shikamoo mzee. Mbona unatweta? — Injinia akauliza.

— Marahaba. Nina swali. Si langu, ni la jirani yangu.

— Lete.

Jirani huyo hakuwepo kabisa. Aliyekuwepo ni binti wa Naftali mwenyewe, Careen, mpishi wa kambi za watalii, aliyekuja na mashine nyeusi ya kupikia iitwayo ea fraya. Huko porini wageni huoka juu ya makaa vitamu vyeupe laini, mashimelo, kisha huvibana na chokoleti katikati ya biskuti mbili. Mama yake, Dina, mke wa Naftali, anapenda vitamu, lakini kafanyiwa operesheni ya goti na hawezi kutoka nje. Basi Careen akasema porini patakuja ndani. Akaiweka mashine sebuleni, akapanga mashimelo ndani, akaiwasha, akasema, "Baba, iangalie dakika sita tu, nafuata maziwa dukani." Dina alikuwa chumbani, amelala.

Naftali hajawahi kuangalia hata sufuria ya makande. Alichungulia kidirisha cha mashine, akaona cheupe kimoja kinavimba, kinatikisika, kinaruka. Kisha harufu, kisha moshi. Kwao Mhezi jiko liko mbali na nyumba ya kulala, na moto ukizuka mwanamume hutoka mpaka ukingoni mwa mteremko akapiga yowe, kijiji kizima kikaja na ndoo. Miguu yake ilifanya hivyo hivyo bila kumuuliza. Ila alipofika benchini aligundua kwamba hana moto wa kuwaonyesha watu, ana sukari iliyovimba tu. Wanaume wanne walimtazama, aibu ikamshika, na yowe hakulipiga. Akakaa.

— Jirani ana mashine ya ea fraya — akasema. — Ina hatari?

— Haina hata moto — alisema Injinia. — Ndani mna feni na waya. Waya unapata joto, feni inapuliza, chakula kinaiva kwa upepo.

— Kama ni upepo, Same nzima tungeshaiva — alisema Dalali.

Wakacheka. Naftali naye akacheka, sauti ikatoka nyembamba.

— Sasa jirani anasema kitamu kiliruka, kikanata juu, ndani kwa ndani. Kikafuka moshi.

Injinia aliacha kucheka.

— Kimenata kwenye waya? Hapo kazi ipo. Sukari ikishika waya haibanduki. Joto linakosa pa kwenda, linarudi kwenye kamba ya umeme, kamba inaelekea ukutani.

— Ikishafika ukutani?

— Mzee, ukuta si ndiyo nyumba yenyewe.

Upande wa pili wa ukuta wa sebule yake kipo kitanda cha Dina. Naftali alishika kwa mikono miwili kikombe alichopewa na Omari. Careen atakuwa amesharudi, alijiambia. Duka liko karibu.

— Injinia anaangalia waya tu — alisema Profesa. — Mimi naangalia hewa. Mashine ile inavuta hewa ya nyumba, inaila, inaivuta tena. Mle ndani baada ya robo saa hakuna cha kuvuta. Aliye macho atatoka. Aliyelala ndiye wa kuombewa.

— Umesoma wapi? — Omari akamuuliza.

— Nimesoma.

Naftali alitaka kuinuka. Lakini kuinuka ni kusema kwamba jirani ni yeye, na kwamba amemkimbia mkewe kwa ajili ya biskuti. Hofu ilimsukuma, aibu ikamkalisha. Omari akambadilishia kahawa ambayo hakuwa ameionja.

— Nyinyi hamkijui kile cheupe — alisema Dalali kwa sauti ya chini. — Mimi nauza ng'ombe. Vile vitamu vinachemshwa kwa ngozi na mifupa. Sasa chukua mnyama aliyechinjwa, mrudishie joto, mrudishie pumzi. Ataacha kuinuka? Hakuruka yule. Ameamka. Na mnyama akiamka anamtafuta aliyelala chini.

Hakuna aliyecheka. Upepo ulipita na vumbi lake, na Naftali aliapa moyoni kwamba amesikia harufu ya sukari inayoungua.

Hapo alisimama dada mmoja mgeni, sare nyeupe chini ya sweta, mkoba begani.

— Shikamooni wazee. Naitwa Blandina, nesi mpya wa zahanati. Naulizia kwa Mama Careen, yule wa goti. Nimekuja kumbadilishia bandeji.

— Nyumba ya tatu, geti la bluu — alisema Omari.

— Asante. Mgonjwa yuko na nani nyumbani?

Omari alitazama ng'ambo ya barabara. Mlangoni mwa duka alisimama Careen, maziwa mkononi, anaongea na mwenye duka na kucheka. Wote wakamwona. Kisha macho yakahama taratibu yakaja kwa Mzee Tangawizi, kwenye kiatu chake na ndala yake.

Nesi naye akageuka kumtazama.

Naftali alikimbia kurudi nyumbani. Ndala ilimtoka njiani, hakuirudia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka juu ya mlango. Ndani mashine ilikuwa kimya, nyeusi, na sakafuni chini yake alikaa Dina, mguu wa bandeji umenyooka, bandeji ina damu. Alikuwa amejikokota kwa makalio kutoka chumbani. Waya wa mashine aliuchomoa mwenyewe na alikuwa bado ameushika.

— Mama Careen — Naftali alisema.

Dina alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

— Nilikuita, hukuwepo. Nikajua umetoka kuita watu. — Akakohoa kidogo. — Nikawa nalingoja yowe lako, Baba Careen. Nimelisikilizia muda wote.